Mzee apimwe mwendo kabla ya kuandikiwa dawa

Dirisha la wazee limeshazoeleka. Ingia hospitali ya wilaya au kituo cha afya karibu popote Tanzania Bara, utalikuta, na ukutani kuna tangazo linalowataka wengine wampishe mzee. Chimbuko lake ni Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyoahidi kwamba aliyefikisha miaka 60 na hana uwezo atibiwe bure. Kwa haki tuseme kwamba limewapunguzia wengi foleni na gharama, hata kama safari nyingine huishia kwenye maneno yale yale ya "dawa hiyo hatuna, kanunue". Ila dirisha hilo linashughulikia foleni na pesa, basi. Mzee akishafika mezani kwa tabibu anapokewa kama mgonjwa mwingine yeyote: unasumbuliwa na nini, tangu lini, leta mkono tupime presha, chukua karatasi nenda dirisha la dawa. Hakuna aliyetazama kama aliinuka mwenyewe pale kwenye benchi au aliinuliwa na mjukuu, wala aliyelinganisha uzito wake wa leo na wa mwaka jana. Mara nyingi uzito wa mwaka jana haukuandikwa popote. Hoja yangu ni kwamba mambo hayo mawili, nguvu za miguu na uzito, yanaeleza hali ya mzee kuliko nusu ya maswali anayoulizwa, na kwamba zahanati zetu zinaweza kuyapima kuanzia sasa bila kungoja mashine wala daktari bingwa.

Ninachozungumzia ni udhaifu wa uzeeni, ile hali ambayo akiba ya mwili imekwisha kiasi kwamba jambo dogo linamwangusha mtu mzima mzima. Kijana akipata homa ya siku tatu hulala, hunywa uji, siku ya nne yuko shambani. Mzee dhaifu akipata homa hiyo hiyo anaweza kuamka amechanganyikiwa, akashindwa kwenda chooni peke yake, akaanguka, na asirudi tena katika hali aliyokuwa nayo wiki moja kabla. Mwaka 2001 daktari wa Marekani, Linda Fried, na wenzake walichapisha dalili tano za hali hiyo, nazo zinatumika mpaka leo: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka kupita kiasi, mkono kukosa nguvu ya kukamata, kutembea polepole, na kupunguza shughuli. Mwenye tatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu, na mwenye moja au mbili yuko njiani kuelekea huko. Katika watu zaidi ya 5,300 wenye miaka 65 na kuendelea waliochunguzwa, waliofikia kiwango cha udhaifu walikuwa takriban asilimia 7. Kwa maneno mengine, wengi mno katika wazee wale hawakuwa dhaifu, na hilo peke yake linamjibu anayesema kwamba uzee ndio huo, mtu akizeeka ataishiwa nguvu tu. Wapo wenye miaka 82 wanaopanda mlima na mzigo wa majani kichwani, na wapo wa miaka 63 wasioweza kuvuka kizingiti bila kushika ukuta. Mfumo unaowapanga wote wawili kwa mwaka wa kuzaliwa unawakosea wote wawili.

Huo mwaka wa kuzaliwa wenyewe kwetu una matatizo yake. Sehemu kubwa ya wazee wa vijijini walizaliwa nyumbani, hawakuandikishwa, na umri ulio kwenye kitambulisho chao umekadiriwa kwa kuhesabu kutoka tukio fulani: alikuwa anachunga tulipopata Uhuru, alikuwa ameshaolewa wakati wa Operesheni Vijiji, alikuwa na watoto wawili vita vya Kagera vilipoanza. Ndiyo maana mabishano ya nani ametimiza 60 na nani bado hayaishi. Nguvu za miguu hazihitaji cheti cha kuzaliwa.

Upimaji wenyewe unafanyika hivi. Kinatafutwa kiti cha kawaida kisicho na pa kuwekea mikono, kinaegemezwa ukutani kisiteleze. Mzee anakaa, anakunja mikono kifuani, kisha anaombwa asimame wima na kukaa, mara tano mfululizo, kwa kasi anayoiweza, muuguzi akiwa karibu na saa ya simu mkononi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu huduma kwa wazee unaweka kikomo cha sekunde 14. Aliyeshindwa kumaliza ndani ya muda huo anahitaji kuangaliwa zaidi. Mwongozo huo huo unataka mzee aulizwe kama amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu bila kukusudia, na kama amepoteza hamu ya kula. Anayetaka kupima mwendo apige mistari miwili ya rangi kwenye baraza la zahanati, mita nne kati yake: anayetumia zaidi ya sekunde tano kwa mwendo wake wa kila siku amekwenda chini ya mita 0.8 kwa sekunde, kasi ambayo watafiti wengi wanaichukua kuwa dalili ya hatari. Kuna mambo ambayo muuguzi makini atayaona hata kabla saa haijaanza kuhesabu. Anayejisukuma kwa mikono kila anaposimama, anayekaa kwa kujidondosha, anayesimama kisha akangoja kizunguzungu kipite, wote wameshajieleza. Pamoja na mizani, zoezi lote halimalizi dakika tano.

Utaratibu wa kuuliza maswali mafupi na kupima uzito kila mgonjwa anapofika si mgeni nchini. Kwenye kliniki za tiba na matunzo, anayeishi na virusi vya Ukimwi hupimwa uzito kila ziara, ukaandikwa kwenye kadi yake, na huulizwa maswali yale yale ya kifua kikuu: unakohoa, una homa, unatoka jasho usiku, umepungua? Kliniki ya watoto nayo ina kadi yenye mstari wa ukuaji, na mstari ukilala mama huulizwa kulikoni. Tumefika mahali pa ajabu kidogo ambapo bibi wa miaka 70 anayetumia dawa za kufubaza virusi anafuatiliwa uzito wake kwa miaka mingi, na jirani yake wa umri huo huo asiye na virusi anaweza kupungua kilo nane bila mtu yeyote mwenye koti jeupe kujua. Wauguzi wa kuifanya kazi hii tunao na mizani ipo, isipokuwa hakuna aliyeagiza kwamba mzee naye apimwe.

Wapo wataalamu wanaopinga upimaji wa aina hii, na pingamizi lao lina uzito kuliko lile la "uzee ni uzee". Wanasema kumtambua mtu dhaifu si sawa na kumsaidia, nao wana ushahidi. Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wazee dhaifu 346, baadhi yao wakihudumiwa na timu za madaktari wa familia, wauguzi na wataalamu wa viungo, na ulemavu wa hao haukupungua kuliko wa waliopata huduma ya kawaida. Uingereza, mwaka 2020, yalitoka matokeo makubwa zaidi: watu 9,803 wenye miaka 70 na zaidi, kutoka vituo 63 vya madaktari wa familia. Baadhi walitumiwa ushauri kwa posta tu. Wengine walipewa ushauri huo, wakajaza dodoso la hatari ya kuanguka, na waliokuwa hatarini wakapelekwa kwenye mazoezi au uchunguzi wa kina. Idadi ya waliovunjika mifupa haikutofautiana. Hata Chama cha Madaktari wa Wazee cha Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, kilikataa kuunga mkono upimaji wa wazee wote kwa jumla, kikashauri udhaifu utazamwe pale mzee anapokutana na mhudumu wa afya kwa sababu yoyote ile. Anayeutetea upimaji akiyaficha matokeo haya anajitafutia aibu ya baadaye.

Nayapokea yote, na ndiyo maana sipendekezi msafara wa kwenda nyumba kwa nyumba kuwapima wazee wa taifa zima. Lakini inafaa kutazama mazoezi yanaweza nini pale yanapofanyika kweli. Marekani, watu 1,635 wenye miaka 70 hadi 89 waliokuwa hawajishughulishi sana walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 2.6. Nusu walipewa programu ya kutembea na kuimarisha misuli, nusu wakapewa semina za afya. Waliofikia hali ya kushindwa kutembea mita 400 walikuwa asilimia 30.1 katika kundi la mazoezi na 35.5 katika kundi la semina, kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2014. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2022, uliowachukua watu 1,519 wenye miguu dhaifu na kuliongezea kundi la mazoezi ushauri wa lishe, ulionyesha tofauti ya namna hiyo: asilimia 46.8 dhidi ya 52.7 kwa waliokuwa na hali mbaya zaidi. Faida hizo si za miujiza. Ni watu watano au sita katika kila mia wanaobaki na uwezo wa kwenda dukani kwa miguu yao, na kwa familia isiyo na pesa ya kumlipa mtu wa kumhudumia mzee, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, hayo yote ni ya watu wa nchi nyingine, na hapa naona wapinzani na watetezi wote hupitwa na jambo. Mzee wa Uingereza anayejaza dodoso tayari ana daktari anayemjua, sukari yake imepimwa, macho yake yametazamwa, na dawa zake ziko kwenye kompyuta. Ukimpima udhaifu unaongeza habari kidogo tu juu ya habari nyingi zilizokuwapo. Mzee wa Same au Sikonge hana hayo. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima presha watu zaidi ya 2,200 wenye miaka 70 na kuendelea. Takriban saba katika kila kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakujua. Kama ugonjwa unaopimwa kwa mkanda wa mkononi unaweza kujificha hivyo, tufikirie yale yasiyopimwa. Kwetu, mzee aliyeanza kuishiwa nguvu na kukonda huenda ana kifua kikuu bila kikohozi cha kutisha, huenda ana kisukari, upungufu wa damu au sonona. Huenda ana mtoto wa jicho, haoni njia, kwa hiyo amekaa ndani miezi sita na miguu imelegea. Huenda meno yamekwisha na nyumbani wanapika makande. Yote hayo yana la kufanya, na mengi yake yanafanyika wilayani. Kwa hiyo sidhani kwamba matokeo ya Uholanzi yanatosha kutufunga mikono, kwa kuwa kipimo kile kile, kikiwekwa mahali ambapo magonjwa hayajatambuliwa, kinafanya kazi nyingine. Huko kilikuwa kinatafuta wa kumpeleka mazoezini, na hapa kinatafuta aliyeachwa bila uchunguzi.

Kuna tiba nyingine isiyogharimu hata shilingi, nayo ni kupunguza dawa. Mwanamke mwenye presha anakuja analalamika magoti na usingizi. Anatoka na diklofenaki ya magoti, ambayo yenyewe hupandisha presha na kuumiza figo, na amitriptilini ya usiku, ambayo humlevya na kumshushia presha anapoinuka kwenda chooni. Presha ikionekana iko juu, ziara ijayo anaongezwa kidonge kingine. Mafua yakimpata, duka la dawa la jirani linamwongezea Piriton. Kila aliyeandika ameandika kwa nia njema na kwa kufuata dalili iliyokuwa mbele yake. Kama faili lake lingekuwa na mstari mmoja, "ameshindwa kusimama mara tano ndani ya sekunde 14", tabibu angefikiri mara mbili kabla ya kuongeza, na angempima presha akiwa amesimama pia. England wameligeuza hili kuwa wajibu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 mkataba wa madaktari wa familia unawataka wawatambue wenye miaka 65 na zaidi walio na udhaifu, na kwa wale walio na udhaifu mkubwa wapitie dawa zao kila mwaka na kuwauliza kama wameanguka miezi 12 iliyopita. Wenzetu wenye bajeti kubwa hivyo wameishia kwenye mambo mawili tu, na yote yanafanyika kwa kalamu.

Najua mganga mfawidhi wa zahanati yenye watumishi watatu atauliza nani atafanya hayo asubuhi ya kliniki ya chanjo. Swali ni la haki. Jibu langu ni kupunguza upana wa kazi: wapimwe waliofika, wenye miaka 65 na kuendelea kwa kukadiria, mara moja kwa mwaka, isipokuwa wakirudi wakiwa wamekonda au wameanguka. Zahanati ya kijiji haipokei wazee wapya kumi kwa siku. Aliyeonekana dhaifu afanyiwe mambo machache yaliyoandikwa kwenye karatasi moja ukutani: kupima damu, sukari na kifua kikuu, kutazama macho na kinywa, kuuliza kuhusu huzuni, kupitia dawa zote alizonazo pamoja na za dukani, kisha kumwonyesha mazoezi ya kiti ya kufanya nyumbani. Ufuatiliaji wa nyumbani ni wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wa serikali uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwapata zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Wanafundishwa kumfuatilia mjamzito na mtoto, na kumtazama mzee kama anakula na kama amesimama kwenye kiti wiki hii si kazi ngumu kuliko hiyo. Ila wasipewe jukumu hilo bila posho, maana tabia yetu ya kuwarundikia watu wa kujitolea kila mradi unaobuniwa tunaijua.

Chakula ni habari ngumu zaidi, kwa sababu zahanati haiwezi kuandika cheti cha maharage na mayai. Mzee aliyekonda kwa sababu kaya haina kitu atapimwa, ataonekana dhaifu, na atarudi kwenye kaya ile ile. Zanzibar imepiga hatua hapa kwa kuanzisha Aprili 2016 pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70, bila kuuliza alikuwa mtumishi au mkulima. Bara hakuna kitu kama hicho kwa wote. Sisemi upimaji usubiri pensheni. Nasema takwimu za wazee wanaokonda, zikikusanywa wilaya kwa wilaya, zitakuwa hoja nzito mezani kwa Hazina kuliko hotuba za kila tarehe 1 Oktoba kwamba wazee ni tunu ya taifa.

Limebaki pingamizi moja ambalo mimi mwenyewe naliogopa. Ukimbandika mtu jina la udhaifu, siku moja jina hilo linaweza kutumika kumnyima huduma. Si woga wa kufikirika tu. Machi 2020, korona ilipopamba moto, taasisi ya Uingereza inayoweka miongozo ya tiba iliagiza kipimo cha udhaifu kitumike katika kuamua nani afikiriwe kwa chumba cha wagonjwa mahututi. Ndani ya siku chache ililazimika kurekebisha maneno, baada ya watetezi wa watu wenye ulemavu kuonyesha kwamba mtu anayetumia kiti cha magurudumu maisha yake yote angehesabiwa kuwa wa kuachwa. Hapa kwetu hatari hiyo haihitaji mwongozo, kwani inatosha mtumishi aliyechoka kusema "huyu bibi mzee, mrudisheni nyumbani". Basi sharti liandikwe tangu mwanzo kwamba kipimo hiki kinafungua huduma na hakifungi yoyote, kwamba aliyeshindwa kwenye kiti anapata rufaa upesi zaidi, na kwamba kwa mwenye ulemavu wa siku nyingi kiti si kipimo chake, atazamwe kwa uzito, hamu ya kula na mabadiliko yanayosimuliwa na walio naye.

Mahali pa kuanzia papo. Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye sehemu kubwa ya wazee nchini, vijana wengi wako Dar es Salaam na Arusha, na wilaya ya Hai imekuwa na watafiti wa afya ya wazee kwa miaka mingi, hata kikabuniwa huko kipimo kifupi cha udhaifu kwa mazingira ya Tanzania. Halmashauri kama tatu za mkoa huo zikiweka kwenye mipango yao ya afya viti, rangi ya mistari, mafunzo ya siku moja na safu mbili mpya kwenye daftari, baada ya miaka miwili tutakuwa na majibu ya maswali yanayohesabika: wangapi walionekana dhaifu, wangapi kati yao walikutwa na ugonjwa usiojulikana, wangapi walipunguziwa dawa, wangapi walikuwa bado wanatembea mwaka uliofuata ukilinganisha na kata ambazo hazikupima. Ikionekana wauguzi wamejaza safu na hakuna mzee aliyebadilishiwa chochote, utaratibu ufutwe na muda huo urudishwe kwenye chanjo.